Kuopoa Fedha Majini: Maneno na Maarifa katika Maji ya Studio za Picha, Eastlands ya Nairobi

Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kazi iliyofanywa katika chumba cha giza baada ya filamu kutolewa kwenye kamera: kusafisha na kuosha. Waandishi huelekea kwenye "kusafisha picha". Mitaani Nairobi wengi walisema kwamba picha "zimepelekwa kuoshwa". Vitenzi hivi havikuzuka ovyo. Ndani ya chumba kile mlikuwa na beseni, maji ya mfereji na mikono iliyolowa, na aliyepita nje alisikia maji yakimwagwa. Hata hivyo, kila kinachooshwa hutoa kitu. Nguo hutoa jasho na vumbi, mchele hutoa wanga. Picha ikioshwa hutoa nini?

Hutoa fedha. Neno hili litumike hapa kwa maana yake ya awali, yaani madini meupe yanayong'aa, jamaa ya dhahabu na shaba. Maji yaliyotoka katika chumba cha giza yalibeba madini haya yakiwa yameyeyuka, hayaonekani kwa macho wala hayanusiki, na aghalabu yaliishia kwenye mtaro.

Makala haya yanachunguza namna fedha inavyoingia katika maji ya kusafishia picha, namna inavyoweza kutolewa humo, na namna lugha inavyomsaidia au kumpotosha anayejaribu kuyaeleza hayo kwa Kiswahili. Eneo linalorejelewa ni Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi kama vile Kaloleni, Makadara, Buruburu, Umoja, Kariobangi, Dandora na Kayole. Eneo hili lina sababu tatu za kuteuliwa. Ni mahali ambapo studio, karakana na nyumba za kuishi hupakana ukuta kwa ukuta. Ni mahali ambapo maji taka ya sehemu kubwa ya jiji hupitia. Na ni mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, ilhali maelezo ya kemikali zinazotumika kazini huwa kwa Kiingereza. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya somo hili. Tatizo ni kuwa maneno yaliyozoeleka zaidi katika kazi hii, yaani kusafisha, dawa na fedha, ndiyo yanayolificha.

Fedha iliyo ndani ya picha

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa utando mwembamba wa jelatini. Jelatini yenyewe hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hivyo kwamba picha nyingi za harusi zilizotundikwa sebuleni zina deni kwa machinjio. Ndani ya utando huo mna chembechembe za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwanga unapozigusa chembe hizo huacha alama isiyoonekana. Dawa ya kwanza, ambayo mafundi huiita develepa, huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi. Kwa kuwa ni chembe ndogo mno, fedha hiyo huonekana nyeusi badala ya kung'aa. Weusi wa negativu ya picha nyeusi na nyeupe, basi, ni madini yaliyotulia ndani ya jelatini.

Zinabaki chembe ambazo hazikuguswa na mwanga. Zikiachwa humo, picha itazidi kuwa nyeusi kila inapotolewa nje. Hapo ndipo huingia dawa ya pili, fiksa, ambayo kazi yake ni kuziyeyusha chumvi hizo na kuziondoa. Fiksa huundwa kwa thiosulfati ya sodiamu au thiosulfati ya amoniamu. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel alieleza mwaka 1819 kuwa chumvi ya aina hii huyeyusha chumvi za fedha, na miaka 20 baadaye ugunduzi huo ukawa msingi wa upigaji picha. Wapiga picha waliofunzwa kwa Kiingereza waliirithi kwa jina la mkato ambalo, likiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, linakuwa haipo. Ni sadfa tu ya sauti, lakini ni sadfa ya kuchekesha: dawa inayobeba fedha yote iliyotoroka kwenye picha inajiita haipo.

Katika picha nyeusi na nyeupe, sehemu ya fedha hubaki kwenye picha na sehemu huingia katika fiksa. Katika picha za rangi mambo ni tofauti kabisa, na tofauti hii haijulikani na wengi. Rangi inayoonekana si ya fedha. Ni ya vitu vingine vilivyoundwa wakati fedha ikifanya kazi yake. Fedha humo ni kibarua: hujenga nyumba, kisha huondoka. Dawa maalumu huigeuza yote kuwa chumvi tena na fiksa huiyeyusha yote. Kwa hiyo maabara ya picha za rangi ilipokuwa ikisafisha filamu, karibu fedha yote ya filamu hiyo iliishia katika maji. Filamu za eksirei za zamani nazo zilipakwa utando pande zote mbili, na zilibeba fedha nyingi kuliko filamu ya kawaida ya ukubwa ule ule.

Ni kiasi gani? Fiksa iliyokwisha nguvu huwa na gramu 1 hadi 12 za fedha kwa kila lita, kutegemea aina ya filamu na muda ambao fiksa hiyo imetumika. Tukadirie gramu 5. Mtungi wa lita 20, ule ule ambao wakazi wa Kayole na Dandora huutumia kuchotea maji siku mfereji unapokauka, utakuwa na gramu 100 za fedha. Soko la madini hupima fedha kwa aunsi ya gramu 31.1, mtungi huo una zaidi ya aunsi 3. Maji ya kusuuzia, kinyume chake, huwa na miligramu chache tu kwa lita. Ndiyo maana anayetaka fedha hushughulika na fiksa na kuliacha beseni la kusuuzia.

Haya hayakuwa siri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, upigaji picha ulitumia takriban robo ya fedha yote iliyohitajika duniani, na kampuni kama Kodak zilichapisha miongozo ya kuirejesha. Miongozo hiyo ilikuwa kwa lugha za wenye maabara kubwa. Katika mitaa ya Nairobi, studio ndogo yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na kiti kimoja cha fahari ilipata kopo la dawa lenye maandishi ya Kiingereza, na mafunzo ya mdomo kutoka kwa fundi aliyetangulia. Fundi huyo alifundisha dakika ngapi na joto kiasi gani. Mahali pa kumwaga hapakuwa somo.

Neno "fedha" na utata wake

Fedha ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya madini haya. Maana ya pesa ilizuka baadaye kwa sababu iliyo wazi: pesa zenyewe zilikuwa madini hayo. Katika karne ya 19 pwani ya Afrika Mashariki ilitumia reale ya Maria Theresa, sarafu nzito ya gramu 28 ambayo zaidi ya asilimia 80 yake ilikuwa fedha. Hata shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ilikuwa na robo ya fedha, hali iliyoendelea hadi miaka ya 1940 ilipobadilishwa kuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Madini yalitoka ndani ya sarafu, jina likabaki. Kifaransa kilipitia njia hiyo hiyo: neno lake la fedha ya madini ndilo neno lake la pesa hadi leo.

Matokeo yake ni kwamba msemaji wa kawaida wa Nairobi anaposikia "fedha" huwaza Wizara ya Fedha. Eastlands yenyewe ina mtaa uitwao Fedha, huko Embakasi, na si rahisi kumpata mkazi anayedhani kuwa mtaa huo una uhusiano wowote na madini. Sheng, ambayo Eastlands ndiyo mlezi wake, imeunda majina mengi ya pesa, yakiwemo ganji, chapaa na doo, lakini yote yanahusu kitu cha kutumia dukani. Maana ya madini imebaki katika matumizi machache: nishani ya fedha katika taarifa za michezo, pete na bangili za fedha, na maandiko ya dini. Msomaji wa kisa cha Yuda, akifika kwenye vipande 30 vya fedha, anaweza kusoma kwa maana yoyote kati ya hizo mbili na kisa kisiharibike.

Sarufi ina njia ya kutenganisha maana hizi. Fedha ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Inaporejelea pesa, Kiswahili sanifu hupendelea upatanisho wa wingi: fedha zimeisha, fedha zilizotengwa, fedha za umma. Inaporejelea madini, upatanisho huwa wa umoja, kwa kuwa madini hayahesabiki: fedha imeyeyuka, fedha inang'aa, fedha hii si safi. Kwa mujibu wa kanuni hii, "fedha zinamwagika" ni malalamiko ya mhasibu, na "fedha inamwagika" ni taarifa ya chumba cha giza.

Je, kanuni hii yatosha? Katika darasa la sarufi, ndiyo. Katika Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, la. Mazungumzo ya kila siku huko hupunguza upatanisho wa wingi, na "pesa imeisha" husikika mara nyingi kuliko "pesa zimeisha". Kiambishi ambacho mwanaisimu angekitegemea kimekwisha kupoteza kazi yake pale pale kinapohitajika. Hivyo basi anayeandikia wasomaji wa mitaa hiyo hana budi kutaja wazi "madini ya fedha", hata kama mhariri wake ataona kuwa neno "madini" ni la ziada.

Kuchuja, kurejesha, kuopoa

Kitendo cha kuitoa fedha majini kinahitaji kitenzi, na uteuzi wa kitenzi si jambo la mapambo. Kitenzi cha kwanza kinachomjia msemaji ni kuchuja. Kitenzi hiki kinapotosha. Anayechuja hutumia kitambaa au chujio, nacho huzuia kitu kigumu kilichoelea. Fedha iliyomo katika fiksa imeyeyuka kama chumvi katika mchuzi. Itapita kwenye kitambaa chochote. Atakayefundishwa "kuchuja fedha" atachuja siku nzima, hatapata kitu, na atahitimisha kuwa habari nzima ni uongo. Kitenzi cha pili ni kurejesha. Hiki si kibaya, lakini ni kipana mno: mikopo hurejeshwa, vitabu hurejeshwa, na likifuatwa na neno fedha, sentensi inahamia benki moja kwa moja.

Kipo kitenzi kinachofaa zaidi. Ndoo ikitumbukia kisimani huopolewa. Kuopoa ni kukitoa kitu kilichozama, kwa kukinasa kwa kitu kingine, aghalabu kwa ndoana. Kina maji ndani yake, kina hasara iliyotokea, na kina kifaa. Njia zote za kuipata fedha ya fiksa zina umbo hilo: kitu fulani hutumbukizwa au huongezwa ili kuinasa fedha.

Ndoana rahisi kuliko zote ni chuma. Chuma kina mwelekeo mkubwa wa kuyeyuka kuliko fedha, na vikikutana katika maji ya fiksa vitabadilishana nafasi: chuma huingia majini, fedha hutoka ikiwa kitu kigumu. Atomu moja ya chuma huachilia atomu mbili za fedha. Kwa kuwa uzito wa atomu ya chuma ni 55.8 na wa fedha ni 107.9, gramu moja ya chuma yaweza kuopoa karibu gramu 3.9 za fedha. Gramu 100 zilizo katika mtungi wetu zingehitaji gramu 26 za chuma kwa hesabu ya daftari. Kwa vitendo huhitajika zaidi, maana fiksa ina asidi kidogo inayokula chuma bila kutoa chochote.

Chuma kinachotumika ni nyuzi nyembamba za kusugulia sufuria, ambazo madukani huitwa stilwulu. Wembamba wake una maana: kadiri nyuzi zinavyokuwa nyembamba ndivyo eneo la kukutania na fiksa linavyokuwa kubwa. Lazima ziwe za aina inayoshika kutu. Zile zinazong'aa zisizoshika kutu hazifai, kwa sababu ile ile inayozifanya zidumu jikoni. Nyuzi hujazwa katika ndoo ya plastiki, fiksa hupitishwa polepole kuanzia juu na kutokea chini, kisha huingia katika ndoo ya pili iliyojazwa vivyo hivyo ili kunasa iliyoponyoka. Ndani ya ndoo nyuzi hulika na mahali pake hujikusanya tope la kijivu au jeusi. Tope hilo ndilo fedha, ingawa mtu angeliona angelitupa.

Kujua kama fiksa bado ina fedha hakuhitaji maabara. Kipande cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa hutumbukizwa humo kwa muda mfupi. Kikitoka na utando mweupe wa kijivu, fedha ingalimo. Kipimo hiki hufanywa kwa maji yanayotoka kwenye ndoo ya kwanza. Utando ukianza kuonekana, nyuzi zimekwisha. Si kipimo cha kiasi, lakini humwonya fundi kwa wakati.

Maabara kubwa zilitumia umeme. Vibao viwili hutumbukizwa katika fiksa na mkondo hupitishwa kati yake. Fedha hujipaka kwenye kibao cha hasi, yaani kathodi, na hubanduliwa ikiwa magamba. Fedha ya njia hii huwa safi kuliko ya tope la chuma, na fiksa yaweza kutumika tena. Hata hivyo, mkondo ukizidishwa, hasa fedha inapokaribia kuisha, thiosulfati yenyewe huvunjika na fiksa huchafuka kwa sulfidi ya fedha, nyeusi na yenye harufu ya yai viza. Njia ya tatu ni kuongeza sulfidi ya sodiamu ili fedha izame ikiwa sulfidi. Kikemia ni njia kamilifu, kwani huopoa karibu fedha yote. Kwa nyumba ya kupanga ni njia ya kuogopwa, na sababu yake imo katika sehemu inayofuata.

Kuhusu kuyeyusha, mengi hayahitajiki kusemwa. Fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 za Selsiasi, chini ya shaba inayohitaji 1,085 na juu sana ya alumini inayohitaji 660. Aliyezoea tanuri la kumiminia sufuria za alumini asidhani kuwa tanuri hilo hilo litatosha. Ni busara tope likaushwe na kuuziwa msafishaji wa madini mwenye vifaa, badala ya kuwashiwa moto uani.

Dawa iliyo sumu

Neno dawa ni pana katika Kiswahili. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Ya kwanza huponya na ya mwisho huua. Katika studio, develepa ni dawa na fiksa ni dawa, na zikikwisha nguvu zote mbili huwa "dawa iliyoisha". Hapa neno linaathiri kitendo. Vitu vilivyo na jina moja humwagwa katika ndoo moja, na kuchanganya dawa hizi mbili ni kosa la namna tatu kwa mpigo. Fedha huzimuliwa. Asidi ya fiksa hupotea kwa kuwa develepa ni kinyume cha asidi, na chuma hakifanyi kazi vizuri bila asidi kidogo. Isitoshe, fiksa ya amoniamu ikikutana na develepa hutoa gesi ya amonia, inayochoma macho na koo katika chumba ambacho, kwa sababu ya kazi yake, hakina dirisha lililo wazi.

Asidi ikizidi nako kuna hatari. Fiksa ikitiwa asidi kali huvunjika na kutoa gesi ya dioksidi ya sulfuri. Sulfidi ya sodiamu ikitiwa asidi hutoa haidrojeni sulfidi, gesi inayoua na ambayo, ikizidi, huifisha pua isiweze kuinusa. Hii ndiyo sababu njia ya tatu haifai kujaribiwa nyumbani. Fiksa ya amoniamu ikichanganywa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe hutoa kloramini, nazo ni sumu. Familia inayoweka vyote hivyo chini ya sinki moja haijafanya jambo la ajabu; imehifadhi dawa mahali pa dawa.

Wapo wanaopita njia ya mkato kwa kuzichoma filamu za zamani ili wapate jivu lenye fedha. Plastiki hutoa moshi wenye sumu na sehemu ya fedha hupotea pamoja na jivu linalopeperuka. Wakazi wa Eastlands hawahitaji kuelezwa kwa nadharia maana ya kuishi na moshi wa takataka. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto na vijana 328 wa maeneo yanayozunguka jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango cha maikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Utafiti huo ulihusu risasi na metali nyingine nzito, wala haukuihusu fedha. Unatajwa hapa kwa sababu unaonyesha ardhi ambamo somo hili litatua: jirani anayechoma filamu hachomi mahali pasipo na mzigo.

Haki itendeke pia kwa fedha yenyewe. Kwa binadamu si sumu kali kama risasi au zebaki. Ioni huru za fedha huwadhuru mno samaki na vijidudu vya majini, lakini katika fiksa fedha imeshikana na thiosulfati, na ikiwa hivyo ukali wake hupungua sana. Ikifika katika maji taka hugeuka sulfidi isiyoyeyuka na kuzama kwenye tope. Anayetaka kuwahamasisha watu kwa kuwaambia kwamba fedha ya studio itawaua watoto wao anasema lisilo kweli, na siku uongo huo utakapogunduliwa, tahadhari zilizo za kweli kuhusu gesi na moshi zitapuuzwa pamoja nao.

Mtaro unakokwenda

Maji taka ya Nairobi husafishwa hasa katika vituo viwili vya upande wa mashariki: Kariobangi, na kile kikubwa zaidi cha Ruai kinachoitwa kwa jina la Dandora. Vyote viwili hutegemea viumbe hai. Kariobangi maji hupitishwa juu ya mawe yenye utando wa bakteria. Ruai hutulizwa katika mabwawa makubwa ambamo bakteria na mwani hufanya kazi chini ya jua. Maji yakitoka huko huingia Mto Nairobi, kisha Athi, ambao huendelea kwa majina ya Galana na Sabaki hadi Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Kilichomwagwa Buruburu kina safari ndefu ya kuelekea pwani. Studio ambayo haikuunganishwa na mfumo huo, ikamwaga katika mtaro wa wazi, ilifupisha safari: maji yalikwenda mtoni bila kupita kwa bakteria yeyote, na kandokando ya mto huo wapo wanaonyunyizia sukuma wiki.

Kanuni za Ubora wa Maji, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zinakataza kumwaga maji machafu katika mazingira bila leseni. Kuopoa fedha hakumwondolei mtu wajibu huo. Fiksa iliyopita kwenye nyuzi za chuma imepoteza fedha lakini imepata chuma, na ingali na thiosulfati ambayo hunyonya oksijeni ya maji.

Simu haikuimaliza

Yawezekana msomaji akauliza faida ya haya yote wakati kila mtu ana kamera mfukoni. Ni kweli kuwa filamu imepungua mno. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, na picha nyingi za kitambulisho na pasipoti sasa hutolewa kwa printa za wino au za joto. Hata hivyo, mashine za maabara zinazochapisha picha za dijitali kwenye karatasi ya picha bado hutumia karatasi yenye chumvi za fedha, na maji yake bado hubeba fedha. Picha ikitoka kwenye simu, chumba cha giza kimehamia ndani ya mashine.

Kisha kuna eksirei. Hospitali nyingi zimeacha kusafisha filamu kwa maji, lakini mgonjwa bado huondoka na filamu katika bahasha kubwa, na filamu nyingi za aina hii kavu nazo zina fedha. Chini ya magodoro na juu ya makabati ya Eastlands zimelala filamu za mifupa iliyokwisha kuunga na vifua vilivyokwisha kupona. Hakuna anayezihesabu kama madini. Zikitupwa huenda jaani, na jaani zipo njia mbili tu, kuokotwa au kuungua.

Lebo ya mtungi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mijadala ya wanachuo kuhusu kifungu hicho huelekea bungeni na mahakamani. Uwanja mmoja mdogo uliosahauliwa ni lebo ya mtungi. Kwa fiksa iliyotumika, maandishi haya yangetosha, kwa rangi isiyofutika: "FIKSA ILIYOTUMIKA. MAJI HAYA YANA MADINI YA FEDHA. USICHANGANYE NA DAWA NYINGINE YOYOTE. USIMWAGE."

Neno fiksa limeachwa kwa kuwa ndilo linalosemwa kazini. Istilahi mpya ambayo fundi hajaisikia ingemwacha nje ya onyo linalomhusu. "Madini ya fedha" imetumika kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Katazo la kuchanganya limetangulia la kumwaga kwa makusudi, maana gesi humfikia mtu kabla ya mtaro. Litazuka pingamizi kuwa kuandika neno fedha kwenye mtungi ni kumwalika mwizi. Mwizi huyo atabeba zaidi ya kilo 20 za maji kwa ajili ya gramu 100 za tope jeusi ambalo bado halijaopolewa. Huenda akawa ndiye mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote. Chini ya maandishi iachwe nafasi ya tarehe mtungi ulipoanza kujazwa na idadi ya lita zilizomo, kwa kuwa hayo mawili ndiyo atakayoyauliza kwanza yeyote atakayekuja kuununua.